Gari Inayogeuka

Bunia, Jumatatu tarehe 3 Machi 2025

Mama Divine wangu,

Rodrigue, mchukuzi wetu wa barua, alinipa yako akiwa bado amekaa juu ya moto, pikipiki yake, na kabla sijaifungua akaniambia, "Mama mukwe yako ameanguka, muguu imevunjika kule juu kabisa." Kwa hiyo niliisoma nikiwa nimeshajua, na bado nikaisoma mara mbili. Mpe pole sana mama. Mwambie mkwe wake anakuja.

Unasema kwenye moto hawezi kukaa, na malori hayapandi tena huko kwenu Nizi tangu yale mawili yachomwe. Basi imebaki gari yetu. Najua utacheka. Coupé ya kubeba maharusi kutoka kanisani mpaka ukumbini, milango miwili, tumbo karibu liguse udongo, ndiyo nataka kuileta Nizi katika mvua ya Machi. Cheka kwanza, halafu unisikilize.

Shida yake ni miguu. Zile jante, rimu za inchi kumi na saba zinazong'aa, ambazo mabibi arusi wote wa Bunia wamepiga picha wakiziinamia, zimevishwa tairi nyembamba mno. Shimo moja tu na jante yenyewe inapasuka, na weye unajua barabara ile ina mashimo mangapi. Nimekwenda kwa Katsuva, yule quado mtu wa Butembo anayeziba tairi zetu. Amenipa njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha kipimo ambacho gari ilizaliwa nacho, 185/70 kwenye jante ya kumi na nne. Ya pili ni 205/70 kwenye jante ya kumi na tano, tairi ya jeep ndogo. Nilikuwa nakuchosha kwa namba hizi tukiwa wachumba, lakini vumilia tena: ya kwanza ni upana, ya katikati ni kimo cha ubavu ukilinganisha na upana huo, ya mwisho ni jante. Ubavu ukiwa mrefu gari inanyanyuka. Hiyo ya jeep itaiinua coupé karibu vidole viwili.

Vidole viwili si kitu mjini. Kwenye kilima cha Nizi ni tofauti ya kufika mlangoni kwa mama na kukwama chini ya kilima. Nimechagua hiyo. Katsuva ananitafutia jante zenye matundu yanayolingana na bulon, zile nati za magurudumu yetu.

Usiogope. Mimi siogopi.

Fabien, Baba Divine


Nizi, Jumatano tarehe 5 Machi

Baba Divine,

Salamu katika jina la Bwana. Huku tuko wazima, isipokuwa mama, ambaye analia akigeuzwa na anakasirika asipogeuzwa. Tumemfunga mguu kwa mbao mbili. Anasema mkwe wake ni mtu mzuri lakini gari yake ni ya watu wanaokwenda kucheza dansi.

Divine anauliza kama ni Kupe anayekuja kutuchukua. Bado anaiita coupé yako kwa jina la yule mdudu wa ng'ombe, na mimi simkatazi, maana imetunyonya vya kutosha.

Sasa na mimi nikuchoshe kidogo. Unaniandikia ukurasa mzima juu ya kimo. Wiki iliyopita Fiacre, yule wa taxi aliyekuwa anapeleka walimu, alitoka hapa asubuhi. Kwenye kona ya mikaratusi akawaona watu barabarani, mbele, bado mbali. Akataka kugeuza. Jirani yetu alikuwa shambani kule juu, aliona yote. Gari ikaenda mbele mpaka ukingoni, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, ikarudi. Barabara pale ni nyembamba na gari yake ilikuwa nzito kukata kona. Jirani anasema wale watu hawakukimbia hata kidogo. Walikuja wakitembea tu. Mengine siandiki, kwa sababu Divine ameshajua kusoma na anasoma kila kitu.

Kwa hiyo usiniambie gari iko juu kiasi gani. Niambie inageuka namna gani. Nakuomba, Fabien, kabla hujatoka Bunia, ijaribu. Ukiona kitu mbele, ugeuke mara moja na urudi. Nataka mume, sitaki shujaa.

Usishangae kwamba sipigi simu. Antena ya hapa imenyamaza. Tunalala vizuri.

Prudence


Bunia, Jumamosi tarehe 8 Machi

Mama Divine,

Nimeijaribu. Leo asubuhi Katsuva amenivalisha zile za jeep, tukaipeleka kwenye uwanja wa mpira wa parokia. Amechora mistari miwili kwa majivu, upana wa barabara ya kwenu, akasimama pembeni mikono nyuma.

"Kata volant yote," akaniambia. Nikakata. Kukasikika mlio wa kitu kinachosagwa, na usukani ukagoma katikati ya safari. Akainama akachungulia ndani. "Pneu iko inakula aile. Haiko na nafasi." Tairi ilikuwa inasugua bati la juu ya gurudumu. Nikajaribu tena polepole. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele. Nilipomaliza kugeuka nilikuwa nimetoka jasho mpaka kwenye viganja, na uwanjani hapakuwa na mtu yeyote isipokuwa mbuzi wa padri.

Katsuva akaniuliza, "Baba Divine, hii ni pneu ya kupanda mulima. Weye unaenda kupanda ao unaenda kukimbia?"

Tulirudi kwake akanifungia zile ndogo, 185/70 kwenye jante nyeusi za chuma, mbaya za kutazama, hakuna bibi arusi atakayezisogelea. Tukarudi uwanjani. Gari ikageuka ndani ya mistari mara moja tu, bila kurudi nyuma. Nikarudia mpaka padri akatoka kuuliza kuna nini.

Basi nimechagua hizo, kama ulivyotaka. Lakini kila chaguo lina bei yake, na hii ndiyo yake: gari iko chini kama zamani. Mpaka Iga Barrière barabara inavumilika, kwenye kilima cha Nizi hapana. Itabidi mshuke mpaka Iga. Watafute wanaume wa kanisa wambebe mama kwa tipoyi, ile machela ya mabegani. Mkifika Iga nitakuwa nimewachukua na kugeuka kabla mtu hajajua ni gari ya nani. Siku nitakujulisha kupitia Rodrigue.

Niliandika kwamba siogopi. Huo ulikuwa uongo. Naogopa tangu siku ile, naogopa hata nikiwa nakula.

Fabien


Nizi, Jumatatu tarehe 10 Machi

Fabien,

Afadhali umesema. Na mimi niseme. Antena iko nzima. Simu waliichukua watu walioingia hapa nyumbani Jumapili ya wiki ile nyingine. Walikuwa wanne. Hawakutupiga. Mmoja alikaa kitandani kwa mama, juu ya shuka, akamuuliza wanaume wa nyumba hii wako wapi, na mama akamjibu kwamba wamekufa wote. Tangu siku hiyo hatulali ndani. Tunalala kwenye mihogo nyuma ya nyumba, na mama tunamburuta juu ya turubai, anaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe asipige kelele. Divine amejifunza kukohoa ndani ya kitenge. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote, kwamba amelijifunza upesi.

Nimewapata wanaume sita wa kanisa. Watambeba mama mpaka Iga siku utakayosema, wataondoka kabla ya jua. Huko yuko Mama Félicité mwenye duka la sabuni na chumvi, tutakungojea ukutani kwake.

Usiandike barua ndefu tena. Kwenye barrière, vile vizuizi vya barabarani, wanazifungua na kuzisoma, na Rodrigue haonekani kufurahi. Safari iliyopita hakusimama, aliitupa barua uani akapita. Andika maneno mawili matatu kama mtu wa telegramu. Usitaje jina, usitaje mahali, usitaje gari ya nani. Tutaelewa.

Fanya haraka. Hapa watu wanahama bila kuagana.

Prudence


Bunia, Jumanne tarehe 11 Machi

Jeudi coupé. Mungoje.

F.


Iga Barrière, Alhamisi tarehe 13 Machi

Fabien,

Tumefika. Wanaume wa kanisa wametushusha ukutani kwa Mama Félicité wakarudi mbio, hawakunywa hata maji. Mama amelala kwenye tipoyi, ana homa. Divine amekaa miguuni kwake.

Leo ndiyo jeudi, Alhamisi, nasi tunangoja coupé kama ulivyosema, lakini kuna kitu sielewi. Maduka yanafungwa. Soko halikuanza. Hakuna lori, hakuna taxi, hakuna gari hata moja iliyotoka upande wa Bunia tangu tufike, na kila ninayemuuliza ananitazama kama mwendawazimu. Mama Félicité anafunga milango anasema, "Mama, leo weye ulitoka kwako kufanya nini? Hawakukuambia?" Wasiniambie nini?

Huyu mwenye moto anapita njia za mashambani kwenda Bunia, ndiye ninayempa karatasi hii. Kama umeshatoka, basi hutaisoma na si neno. Kama bado, njoo upesi. Kuna milio upande wa mto.

Prudence


Bunia, Ijumaa tarehe 14 Machi

Kwa Mama Divine, dukani kwa Mama Félicité, Iga

Prudence,

Sijui kama barua hii itakukuta, wala itakukuta katika hali gani. Samahani kwa mwandiko.

Ile coupé haikuwa gari. Tangu Jumanne mji mzima hapa ulikuwa unasema neno moja, kwenye radio, kwenye vituo vya moto, sokoni: jeudi, route coupée. Barabara itakatwa Alhamisi, mtu asisogee. Nami niliandika kama nilivyosikia. Rodrigue alikuwa ameshawasha moto yake, anapiga honi, na weye ulikuwa umeniambia maneno mawili matatu. Nilitaka kusema: Alhamisi barabara imekatwa, mungoje hapo hapo mlipo. Nikasahau hata ile e ya mwisho, na ningeiweka ingesaidia nini? Kwetu coupé ni gari. Miaka yote hii nyumbani kwetu neno hilo halijawahi kuwa kitu kingine. Nilipopata karatasi yako jana mchana ndipo nikalisoma neno langu kwa macho yako, na nikakaa chini sakafuni.

Niliwasha gari saa hiyo hiyo. Nataka ulijue hilo. Nilitoka Bunia nikiwa peke yangu barabarani. Lakini sikufika. Kabla ya Iga nilikuta askari wamefunga njia, wakanielekezea bunduki wakanirudisha. Nililia mbele yao. Niliwaambia mke wangu yuko pale, mtoto wangu yuko pale, hawakusikia.

Nasikia kesho malori yatashuka kutoka Iga yakisindikizwa. Pandeni. Mpandisheni mama hata juu ya magunia. Nitasimama barabarani mpaka niwaone.

Nisamehe kwa lile neno.

Fabien


Bunia, kwa dada Pétronille, Jumapili tarehe 16 Machi

Baba Divine,

Tuko Bunia tangu jana. Tulishuka na malori. Nilikuona umesimama pale kwenye umati, shingo umeinyoosha, unatazama kila lori. Nilimwinamisha Divine kichwa mpaka tukapita. Tulikuja kwa dada yangu, na mama amepelekwa hospitali, mguu wameuvuta, atapona kwa kilema. Kutoka hapa mpaka nyumbani kwetu ni mwendo wa kutembea tu. Lakini nakuandikia, kwa sababu haya nisingeweza kuyasema huku nakutazama.

Barua yako ya Ijumaa, iliyoletwa na yule mwenye moto, Mama Félicité alinipa asubuhi ya safari. Kuhusu neno sina la kukusamehe. Nililisoma vile nilivyotaka kulisoma. Mtu aliyelala kwenye mihogo akiona coupé anaona gari.

Ni kuhusu wale askari. Fabien, pale hapakuwa na askari.

Alhamisi mchana tulikuwa bado ukutani. Mama Félicité alikuwa anamvuta mama ndani, tipoyi imekwama mlangoni. Divine ndiye aliyeisikia gari kwanza. Akasema, "Mama, Kupe," na mimi nikamkaripia anyamaze. Kisha nikaiona ikitokea kwenye kona, nyeupe, na zile jante nyeusi ambazo sikuwa nimeziona bado. Ilikuja mpaka pale penye vibanda vya nyama. Ikasimama. Milio ilikuwa imekaribia lakini watu wenyewe walikuwa hawajatokea. Divine akaniponyoka akasimama katikati ya barabara, akapunga kitenge cha bibi yake. Ulikuwa umbali ambao niliona shati lako. Lile la kijani.

Halafu gari ikageuka. Mara moja, bila kurudi nyuma, kama ulivyoniandikia. Divine alibaki amesimama na kitenge mkononi, hakulia, akanigeukia tu kuona mimi nitafanya nini.

Tukaingia dukani. Tulilala chini nyuma ya magunia ya chumvi. Walipita mbele ya mlango kitambo kidogo baadaye, wengi, tukisikia hata wanavyozungumza. Mmoja alikuwa anacheka. Mama Félicité alikuwa amenishika mkono, kucha zake bado zinaonekana kwenye ngozi yangu.

Nimelifikiri jambo hili kila upande. Kama ungekuja mpaka ukutani, ungeshuka, ungekunja kiti, tungemlaza mama na mguu wake uliofungwa mbao, wangetukuta hapo hapo na gari ina milango miwili. Ungekufa, na Divine angeona. Ni mimi niliyekuandikia ugeuke. Ni mimi niliyesema sitaki shujaa. Jana nilipomweleza mama kitandani alisema yale ya wazee, kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni kweli. Lakini hapa kwetu hakuna anayecheka, Fabien. Mtoto hali chakula.

Divine ameniuliza kwa nini papa aligeuka. Nimemwambia hukutuona. Ameniuliza tena leo kanisani, wakati wa sadaka, kwa sauti, na nikamjibu hivyo hivyo. Nimeshadanganya mara mbili na sijui kama ni uongo.

Kwa hiyo sikuulizi juu ya askari. Uwafute tu, tusiwazungumze tena maisha yetu yote. Nakuuliza jambo moja. Ulituona?

Prudence


Bunia, Jumapili hiyo hiyo

Prudence,

Niliwaona.

Nilikiona kitenge kwanza, nikafikiri ni mwanamke anayenizuia nisipite. Kisha nikaona kuwa ni Divine. Niliwaona weye na mama mlangoni. Nilikuwa na muda wa kuona yote hayo. Niliwaza kushuka, na mkono wangu ulikuwa kwenye mlango, nakuapia. Halafu bunduki ikalia karibu na mikono ikafanya ile kazi niliyoifundisha uwanjani. Nilipoanza kufikiri tena nilikuwa nimeshafika nusu ya njia ya kurudi Bunia, na hapo ningeweza kugeuza mara ya pili. Gari ilikuwa inaweza. Sikugeuza.

Askari niliwatunga usiku ule kwa sababu nilihitaji mtu wa kunizuia.

Usimdanganye tena Divine kwa ajili yangu. Nitamwambia mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, na akiniuliza mara kumi nitajibu mara kumi. Siombi unirudie. Naogopa kukuomba, na naogopa zaidi uso wake kuliko nilivyoogopa kule Iga.

Karatasi hii nimeiandikia kwenye ngazi za duka lililo mbele ya nyumba ya dada yako, na nimempa Pétronille akufikishie. Mimi niko hapa nje kwenye lango. Kama leo hutaki kunifungulia, mwambie aniambie, nitakuja tena kesho.

Fabien